Nani Aliifungua Kompyuta? Historia ya Orodha ya Vipuri Mfukoni mwa Kijana

Kijana mwenye fedha kidogo na hamu kubwa ya kucheza michezo ya kompyuta huanza na karatasi. Huandika prosesa, bodi mama, RAM, diski, kadi ya grafiki, pawasaplai na kasha, kisha huanza hesabu za kukata huku na kuongeza kule. Akishuka daraja moja la prosesa, atapata kadi nzuri zaidi. Akichukua RAM ya mtumba, atabakiwa na fedha ya diski mpya. Wazazi huliona jambo hili kuwa upuuzi wa ujana, na wahadhiri wenzangu wengi hawana maoni tofauti sana. Mimi ninapoitazama karatasi ya namna hiyo naona mabaki ya mapambano ya zaidi ya miaka 40 kuhusu swali moja: nani ana mamlaka ya kufungua mashine na kuamua kiingie nini ndani yake?

Hebu tulinganishe na vyombo vingine vya nyumbani. Hakuna anayekwenda dukani kuchagua kompresa ya jokofu kutoka kampuni moja na mlango wake kutoka kampuni nyingine. Mashine ya PlayStation hufika ikiwa imefungwa, na mnunuzi hupewa uamuzi mmoja tu, wa kununua au kuacha. Simu iliyomo mkononi mwako, ndugu msomaji, iko hivyo hivyo. Kompyuta ya mezani peke yake imebaki kuwa chombo ambacho aliyetengeneza prosesa hana habari na aliyetengeneza pawasaplai, na wote wawili hawamjui aliyekunja bati la kasha, lakini skrubu zinaingia na plagi zinashikana. Kwa mtu maskini, hali hii ina thamani kubwa kuliko punguzo lolote la bei, kwa sababu inamruhusu kununua mashine vipande vipande, mwezi huu kimoja na mwezi ujao kingine. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba hali hiyo haikuletwa na ukarimu wa kampuni yoyote. Ililetwa kwa sehemu kubwa na wanunuzi wakubwa walioweka masharti, na washindani waliokataa kufungiwa nje.

Tuanze tarehe 12 Agosti 1981, siku IBM ilipotangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150. IBM ilikuwa kampuni iliyozoea kutengeneza karibu kila kitu chake yenyewe. Safari hii ilikuwa na haraka, kwa kuwa soko la kompyuta ndogo lilikuwa limeshikwa na Apple, Commodore na Tandy. Kikundi kidogo kule Boca Raton, Florida, kilichoongozwa na Don Estridge, kilipewa muda wa takriban mwaka mmoja. Mwaka mmoja hautoshi kubuni kila kitu. Wakanunua prosesa ya 8088 kutoka Intel, wakachukua mfumo endeshi kutoka Microsoft, na vipuri vingine wakavipata sokoni kwa yeyote aliyekuwa navyo. Ndani ya kasha wakaacha nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada. Wakachapisha pia kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi zote, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza kadi za kuchomeka humo. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, nayo ilikupa kumbukumbu ya kilobaiti 16 bila diski hata moja.

Kuna sharti moja la wakati huo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nami naomba tulisimamie kidogo. IBM haikupenda kumtegemea mwuzaji mmoja kwa kifaa muhimu kama prosesa. Ilitaka pawepo chanzo cha pili, ili kiwanda kimoja kikikwama au kikipandisha bei, kazi isisimame. Kwa shinikizo hilo, mwaka 1982 Intel ilitia saini mkataba na kampuni ndogo ya AMD, ikairuhusu kutengeneza prosesa za aina ile ile. Kila kijana anayejiuliza leo kama anunue Intel au AMD anaishi ndani ya sharti lile. Halikuandikwa na mwanaharakati wala bunge. Liliandikwa na watu wa ununuzi, aina ya maafisa ambao historia huwasahau kwanza.

Intel yenyewe ililijutia mapema. Ilipoleta prosesa ya 386 mwaka 1985, ilikataa kumpa mwenzake siri zake. Kukawa na usuluhishi na kesi za miaka mingi. AMD ikatoa 386 ya kwake mwaka 1991, na pande mbili zikamaliza ugomvi huo mwaka 1995. Ugomvi mwingine ulifuata, safari hii kuhusu mbinu za kuwazuia watengenezaji wa kompyuta wasinunue kwa mshindani, nao uliishia Novemba 2009 kwa Intel kukubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25. Nalitaja hili kwa sababu vijana mitandaoni hubishana kuhusu kampuni hizi mbili kama washabiki wa Simba na Yanga, ilhali kilicho na faida kwao ni kwamba zote mbili ziendelee kuwepo.

Turudi kwa IBM. Pamoja na uwazi wote ule, mlango ulikuwa na kufuli moja, nayo iliitwa BIOS. Hiyo ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu kwenye bodi mama, inayoiamsha mashine na kuiunganisha na mfumo endeshi. IBM ilichapisha hata msimbo wake katika kitabu kile cha kiufundi. Lakini kuchapisha si kuruhusu, maana msimbo ulilindwa na hakimiliki. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Apple dhidi ya Franklin, ilithibitisha kwamba msimbo uliomo ndani ya chipu unalindwa kama maandishi mengine yoyote. Franklin walikuwa wamenakili moja kwa moja, wakashindwa.

Kampuni ya Compaq ilianzishwa Houston mwaka 1982 na wahandisi watatu waliotoka Texas Instruments: Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto. Njia waliyoipata ingestahili kufundishwa katika vitivo vyetu vya sheria. Kundi moja la wahandisi liliichunguza BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya kila inachokifanya, bila kuandika inavyokifanya. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuuona msimbo wa IBM, lilichukua maelezo hayo na kuandika programu mpya kuanzia mwanzo. Hakimiliki hulinda maneno ya mwandishi, haimpi mwandishi umiliki wa kazi ambayo maneno hayo yanaifanya. Kama mimi na wewe tukiandika kila mmoja kwa maneno yake jinsi ya kupika pilau, hakuna aliyemwibia mwenzake. Compaq waliitangaza mashine yao Novemba 1982, na katika mwaka wao wa kwanza wa mauzo, 1983, waliuza bidhaa za dola milioni 111.

Bado hilo lilikuwa ushindi wa kampuni moja. Uwazi kamili uliletwa na Phoenix Technologies, waliorudia mbinu ile ile, kisha mwaka 1984 wakaanza kuiuza BIOS yao kwa kiwanda chochote kilichoitaka. Kuanzia hapo karakana yoyote, ikiwemo ya Taiwan, iliweza kutengeneza bodi mama inayokubali programu zote za IBM bila kuiomba ruhusa IBM.

IBM walijaribu kuufunga mlango. Aprili 1987 walitoa familia ya PS/2, yenye mfumo mpya wa kuchomekea kadi ulioitwa Micro Channel. Kiufundi ulikuwa bora. Kisheria ulikuwa wao peke yao, na aliyeutaka alitakiwa kulipa ada. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq ikiwa mbele, ziliungana na kutangaza kiwango chao kilichokubali pia kadi za zamani. Hawa tisa walikuwa wafanyabiashara waliotafuta faida, hawakuwa watetezi wa wanyonge. Matokeo lakini ni kwamba mwenye mali alishindwa kuirudisha ndani ya uzio. Viwango vya PCI na baadaye ATX, vilivyoasisiwa na Intel katika miaka ya 1990, vilikamilisha kazi. ATX, ya mwaka 1995, ndiyo iliyopanga matundu ya skrubu yawe wapi, bodi mama iwe na upana gani na plagi ya umeme iwe na umbo gani. Ndiyo maana kasha lililotengenezwa miaka 20 iliyopita bado laweza kupokea bodi mama ya leo.

Wakati hayo yanatokea, sisi hapa tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine zilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku, ila kwa kibali. Watani hupenda kuisimulia amri hiyo kama mfano wa ujinga. Siioni hivyo. Kompyuta za mwaka 1974 zilikuwa mashine kubwa, ghali, zilizolipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, na aliyezitengeneza ndiye aliyezifanyia matengenezo. Hazikuwa na vipuri vya kuchagua. Kosa lilikuwa kuendelea kuishi na woga wa mwaka 1974 baada ya 1984, wakati chombo kilichokatazwa kilikwisha geuka kuwa chombo kingine kabisa. Marufuku ililegezwa taratibu, lakini kizazi kizima cha mafundi kilikuwa kimepita bila kushika bisibisi.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, kompyuta ziliwekwa katika kiwango cha asilimia sifuri cha ushuru wa forodha. Kodi nyinginezo, ikiwemo VAT, ni hadithi nyingine. Kuna kichekesho hapa ambacho maafisa forodha wanakijua vizuri: katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, kompyuta na sehemu zake ziko Sura ya 84, pamoja na mitambo, ilhali mashine ya kuchezea michezo iko Sura ya 95, pamoja na wanasesere. Kijana aliyejiundia kompyuta ya michezo ameingiza kiwanja cha kuchezea kupitia mlango wa mitambo. Sheria haimdai chochote, kwa sababu haina namna ya kutofautisha mashine ya kupiga hesabu za mishahara na ya kupiga risasi za kuigiza. Ni mashine moja.

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe wa vipuri kwa fedha kidogo, ambao una historia yake tukufu. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mwaka 1998. Aprili ya mwaka huo Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron. Toleo la kwanza lilinyimwa kabisa kache ya daraja la pili, yaani akiba ndogo ya data inayokaa karibu na prosesa ili isisubiri RAM kila mara, na wachambuzi wakalicheka. Tarehe 24 Agosti likaja toleo la 300A. Hili lilikuwa na kache ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, ikienda kwa kasi kamili ya prosesa. Pentium II ya wakubwa ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikaa nje ya chipu na zilikwenda kwa nusu ya kasi. Intel ilikuwa imempa maskini, bila kukusudia, kitu ambacho tajiri hakuwa nacho.

Celeron 300A iliuzwa dola 149. Pentium II ya megahezi 450, iliyotangazwa siku hiyo hiyo, iliuzwa dola 669. Kasi ya Celeron ilipatikana kwa kuzidisha mapigo ya bodi mama, megahezi 66, kwa 4.5, na Intel walikuwa wamekifunga kizidishio hicho ili mtu asikiguse. Hawakuweza kuifunga bodi mama. Bodi za mwaka huo zenye chipu za 440BX zilikuwa tayari zinapiga megahezi 100, kwa ajili ya hiyo Pentium ya bei kubwa. Ukiipandisha Celeron kutoka 66 hadi 100, hesabu inajileta: 100 mara 4.5 ni 450. Si kila chipu ilikubali, ila nyingi zilikubali, na wanafunzi wa mabweni ya Marekani na Ulaya wakawa wanacheza kwa dola 149 kile ambacho matajiri walikuwa wakikilipia dola 669.

Mwanauchumi anayesoma tukio hili atatambua kwamba bei haikufuata gharama za uzalishaji. Chipu zilitoka katika mafundi na viwanda vya kampuni ile ile, na tofauti ya dola 520 ilikuwa ada ya kumtenganisha mwenye uwezo na asiye nao. Kijana aliyebadilisha mapigo ya bodi mama alikataa kukaa katika tabaka alilopangiwa. Intel walilielewa hilo vizuri, na kuanzia prosesa zao za Januari 2011 uwezo wa kuongeza kasi ulibaki kwa modeli za bei ya juu zenye herufi K. Mwaka 2014 waliiachia Pentium moja ya dola 72, G3258, iliyofunguliwa kwa heshima ya maadhimisho ya jina hilo. Ilikuwa zawadi ya sikukuu, na baada ya sikukuu sufuria zilioshwa.

Upande wa kadi za grafiki, somo ni la 3dfx. Kadi yao ya Voodoo ilitoka mwaka 1996, mwaka ambao bei ya chipu za kumbukumbu iliporomoka. Bila kuporomoka huko isingefika mikononi mwa watu wa kawaida. 3dfx walikuwa wakitengeneza chipu tu, na viwanda vingi tofauti vilizinunua na kuziwekea kadi. Desemba 1998 wakatangaza kuinunua STB, kiwanda cha kadi, wakaamua kutengeneza kadi zao wenyewe. Viwanda vilivyokuwa wateja wao vikajikuta ni washindani wao, vikahamia kwa Nvidia, iliyomwuzia chipu yeyote aliyetaka. Desemba 2000 mali za 3dfx zikauzwa kwa Nvidia. Yaani kampuni iliyokuwa mfalme wa michezo ilichukua miaka miwili kujifungia ndani na kufa.

Mfano wa karibu zaidi unawahusu wanaharakati, maana unaonyesha watumiaji wasio na hisa hata moja wakigeuza uamuzi wa kampuni. AMD walipoleta prosesa za Ryzen mwaka 2017 waliahidi kuitunza soketi ya AM4 hadi mwaka 2020. Kwa mtu wa kipato kidogo hiyo ni ahadi kubwa: nunua bodi mama leo na prosesa ya bei ya chini, na baada ya miaka mitatu badilisha prosesa peke yake. Mwaka huo huo wa 2017 Intel walibaki na soketi yenye umbo lile lile, lakini prosesa mpya zikakataa bodi za kizazi kilichotangulia. Mei 2020 AMD nao wakatangaza kwamba kizazi kilichokuwa kinakuja hakingefanya kazi katika bodi za B450 na X470, ambazo ndizo wengi wa watu wa bajeti ndogo walikuwa wamezinunua wakitegemea ahadi ile. Malalamiko yakawa makubwa. Ndani ya mwezi huo huo kampuni ikabadili uamuzi, na mwaka 2022 ikaruhusu hata bodi za mwaka 2017. Leo hii bodi za AM4 bado ni chaguo la busara kwa mwenye fedha kidogo.

Lakini wengi wa wasomaji wangu hawataanza na bodi mpya. Wataanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba. Hapa ndipo historia ya dunia inapokutana na Kariakoo na Luthuli Avenue. Mashirika ya Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na nyingi hupitia mikononi mwa wafanyabiashara, wakiwemo wale wa barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, kabla ya kufika kwetu. Kijana hununua OptiPlex ya Dell iliyotumika, yenye prosesa ya i5 ya nyuzi nne ya mwaka 2013 au 2014, iliyokwisha kuwa na RAM, diski na kasha. Anachohitaji kuongeza ni kadi ya grafiki.

Kadi iliyofanya njia hii iwezekane ilikuwa GTX 750 Ti ya Februari 2014. Ilitumia wati 60 tu, na kwa kuwa tundu la kadi katika bodi mama hutoa hadi wati 75, kadi haikuhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Baada ya hapo zilifuata nyingine za namna hiyo, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Mnunuzi awe na mambo matatu kichwani. Kasha jembamba hupokea kadi fupi peke yake, na kadi fupi ni adimu na hupanda bei, hivyo atafute kasha la kimo cha kawaida. Pili, nyingi ya OptiPlex za miaka hiyo hazina plagi ya umeme ya ATX yenye pini 24, zina ya pini nane iliyobuniwa na Dell. Nyingi za HP zina ya pini sita. Maana yake pawasaplai ya ofisi ikifa, au akitaka kubwa zaidi ili kuhimili kadi nzito, ile ya kawaida ya dukani haiingii bila kiunganishi maalumu. Kiwango kilichowekwa wazi mwaka 1995 kilifungwa tena kimyakimya, plagi moja kwa moja. Tatu, asipuuze pawasaplai kwa kuangalia idadi ya wati iliyochapishwa ubavuni. Katika nchi yenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, pawasaplai ya bei ya kutupa ni kipuri kinachoweza kuondoka na vingine vyote, na shilingi anayoiokoa hapo ni ghali.

Bei za vipuri hivi hupangwa mbali na sisi. Mwaka 2021 kadi za grafiki zilikuwa hazishikiki kwa sababu wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinunua kwa wingi. Septemba 2022 Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo, kadi zilizochoshwa zikamwagwa sokoni. Mwishoni mwa mwaka 2025 zamu ilikuwa ya RAM: vituo vya data vya akili unde vinanunua chipu za kumbukumbu kwa kiasi ambacho viwanda vimeanza kumwona mnunuzi wa kawaida kuwa usumbufu. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na chapa ya Crucial, ambayo kwa karibu miaka 30 iliuza RAM kwa watu wa kawaida. Mwenye kompyuta inayofunguka anaweza kusubiri, akaendelea na RAM aliyonayo na kuongeza bei zikishuka.

Uwezo huo wa kusubiri ndio unaoondoka. Kompyuta mpakato nyingi sasa zina RAM iliyolehemuwa kwenye bodi mama, na mtindo huo umeanza kuingia katika kompyuta ndogo za mezani. Kiasi ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, zikiwemo zile i5 za OptiPlex. Kwa hiyo ofisi duniani kote zinatupa mashine nzima, na miaka michache ijayo soko letu la mtumba litafurika. Kijana wa bweni atafaidi, hasa akikubali kutumia Linux, ambayo siku hizi huendesha michezo mingi ya Windows bila taabu.

Swali langu kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu linahusu mashine zitakazofuata. Kompyuta ambazo halmashauri, wizara na vyuo vyetu vinanunua mwaka huu zitafutwa kwenye daftari la mali na kupigwa mnada baada ya miaka michache, kisha zitaingia mikononi mwa mafundi na wanafunzi. Nyaraka nyingi za zabuni huandika kasi ya prosesa, gigabaiti za RAM na ukubwa wa diski, basi. Mistari mitatu zaidi ingetosha: RAM iwe ya kuchomoa, pawasaplai iwe ya plagi ya kawaida ya ATX, na kasha liwe na tundu la kadi ya ziada. Mwaka 1981 mnunuzi mmoja alidai chanzo cha pili cha prosesa, na mwuzaji, aliyekuwa na kiburi kuliko yeyote tunayefanya naye biashara leo, alikubali kwa sababu alitaka oda.